Martlet Mezani: Kuunda Modeli ya Ndege ya Kivita ya Baharini

Aprili 1942 Bandari ya Kilindini, Mombasa, iliingia vitani kwa namna mpya. Tarehe 5 mwezi huo, siku ya Pasaka, ndege za Japani ziliishambulia Colombo. Siku nne baadaye zikaizamisha HMS Hermes, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, karibu na pwani ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Admirali James Somerville akakirudisha nyuma kikosi chake cha Bahari ya Hindi, na Mombasa ikawa kituo chake kikuu. Kiwanja cha Port Reitz, ambapo leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, kilihudumia ndege za jeshi la majini. Kambi ya jeshi hilo huko Tanga ikaorodheshwa kama meli na kupewa jina la HMS Kilele.

Miongoni mwa ndege zilizopigana katika bahari hii kulikuwa na moja fupi, nene, yenye mabawa ya mraba. Wamarekani walioiunda katika kampuni ya Grumman waliiita Wildcat. Waingereza, hadi Januari 1944, waliiita Martlet. Makala haya ni ya anayetaka kuiunda kwa plastiki mezani kwake, hata kama hajawahi kushika modeli. Hatua zake zinafaa pia kwa ndege nyingine za baharini kama Corsair, Hellcat, Zero au F-14 Tomcat.

Jambo la kwanza kulishika ni hili: kazi kubwa ya modeli hufanywa kabla gundi haijafunguliwa. Anayejua anaunda ndege ya meli ipi na ya mwezi upi huwa amekwisha kujibu nusu ya maswali yatakayomkwamisha mwingine katikati ya kazi.

Chagua siku kabla ya kuchagua sanduku

Martlet zilikuwa za aina kadhaa. Martlet I ilikuwa na mabawa yasiyokunjika na bunduki nne za rashasha. Martlet II ilikunja mabawa, ikabeba bunduki sita, na injini yake ya Pratt & Whitney ilikuwa na silinda 14 katika safu mbili. Martlet IV nayo ilikunja mabawa na kubeba bunduki sita, lakini injini yake ilikuwa Wright Cyclone ya silinda tisa katika safu moja, na kifuniko chake cha injini kina umbo tofauti. Ukiwa na picha nzuri ya ndege kutoka mbele, hesabu silinda na matundu ya bunduki. Hesabu hiyo itakusaidia kuliko jina lililoandikwa sandukuni.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walivamia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, bandari ambayo leo inaitwa Antsiranana. Operesheni hiyo iliitwa Ironclad. Kisiwa kilikuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani, na Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakakitumia kukata njia ya meli za Bahari ya Hindi. Manowari mbili za kubeba ndege, Illustrious na Indomitable, zililinda wanajeshi waliokuwa wakiteremka. Martlet II za vikosi vya 881 na 882 ziliruka kutoka Illustrious na kupambana na ndege za Kifaransa aina ya Morane na Potez. Septemba mwaka huo Illustrious ilishiriki tena katika kuteka Majunga, na katika vita vya kisiwa hicho walipigana pia askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki.

Kwa kuchagua siku hiyo moja, umejua mengi: ndege ni Martlet II, ina bunduki tatu kila bawa, mabawa yake yanakunjika, na alama zake ni za mwanzoni mwa Mei 1942. Aliyenunua seti ya Martlet IV kwa ajili ya siku hiyo atalazimika kubadilisha injini na kifuniko chake, au achague tukio jingine. Njia zote mbili ni sawa; kinachouma ni kuligundua hilo baada ya kupaka rangi.

Skeli: ukubwa unaoumudu

Skeli zinazotumika zaidi kwa ndege za kivita ni 1:72, 1:48 na 1:32. Martlet halisi ilikuwa na upana wa meta 11.58 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Kwa 1:72 hiyo ni sentimita 16, yaani kiganja kilichonyooshwa hadi ncha za vidole. Kwa 1:48 ni sentimita 24, na kwa 1:32 ni sentimita 36.

Kwa anayeanza, 1:72 ni nafuu na haiipi meza tabu, lakini vipande vyake ni vidogo mno. Mwenye vidole vinene au macho yanayohitaji miwani atafurahia zaidi 1:48. Skeli ya 1:32 ni ya kupamba sebule, ina vipande vingi na bei ya juu, na haifai kuwa modeli ya kwanza.

Kumbuka pia maana ya skeli kwa makosa yako. Katika 1:72, milimita moja ya modeli ni sentimita 7.2 za ndege halisi. Ufa wa nusu milimita kwenye shina la bawa, unaouona kama uzi tu, ni pengo ambalo fundi wa ndege angeingiza vidole viwili. Rangi nzito inayoonekana laini kwenye kopo huwa kama lipu ya ukuta ikishakauka juu ya modeli.

Kati ya seti zinazojulikana, Airfix ya Uingereza imetoa Martlet IV kwa 1:72. Tamiya ya Japani ina F4F-4 kwa 1:48, ambayo ni Wildcat ya Marekani yenye mabawa ya kukunja na bunduki sita. Eduard ya Ucheki imetoa F4F-3 kwa 1:48, yenye mabawa yasiyokunjika na bunduki nne. Kabla ya kulipa, uliza kalibu ya seti ni ya mwaka gani. Sanduku jipya linaweza kubeba plastiki iliyotengenezwa kwa kalibu ya miaka ya 1960 au 1970: mistari ya mabati imeinuka badala ya kuzama, vipande havikutani vizuri, na chumba cha rubani ni kiti na mwanasesere. Seti ya namna hiyo ni nzuri kwa mazoezi, ila isikudanganye kwa picha ya jalada.

Vifaa: vingine viko mtaani

Maduka ya modeli ni machache Afrika Mashariki, na wengi huagiza seti, gundi na stika kutoka nje au humtuma ndugu anayesafiri. Uliza mapema kama gundi na rangi za kupuliza zinaruhusiwa kwenye mzigo, kwa sababu vitu vinavyoshika moto kwa kawaida havibebwi kwa ndege. Lakini sehemu kubwa ya vifaa vingine ipo karibu:

- Plaizi ndogo ya kukatia, kama ya mafundi simu, yenye mdomo mmoja ulio bapa.
- Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha.
- Msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1200, kutoka duka la rangi za magari. Kata vipande vya ukubwa wa stempu na uvibandike kwenye vijiti vya ice cream.
- Kibano cha ncha kali, vibanio vya nguo, raba za kufungia pesa na vijiti vya meno.
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Ibandike kwanza kwenye kioo kisafi na uibandue, ipunguze nguvu ya gundi.
- Brashi tatu: bapa ya nusu inchi, ya mviringo ya wastani, na nyembamba kama kope.
- Gundi nyeupe ya mbao, kwa ajili ya vioo.

Gundi ya modeli ndiyo inayostahili kuagizwa. Haifanyi kazi kama gundi ya kawaida: huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, zikashikana na kuwa kitu kimoja. Ile ya majimaji yenye brashi kwenye kifuniko ndiyo bora. Unabana vipande pamoja, unagusa mstari wa maungio kwa ncha ya brashi, na gundi hujipenyeza yenyewe. Supagluu hufaa kwa vipande vya chuma au utomvu, lakini moshi wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo.

Onyo moja: asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, petroli na thina ya magari hula plastiki hii. Kimiminika chochote usichokijua kijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki, yaani kiunzi cha plastiki kinachoshikilia vipande, upande usioonekana, na usubiri saa nzima.

Afya na usalama

Gundi na rangi za mafuta hutoa mvuke unaoumiza kichwa na mapafu. Fungua madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, na usifanye kazi hii chumba cha kulala usiku. Ukipuliza rangi, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke. Ile ya kitambaa haizuii kitu. Usipulize karibu na jiko la gesi, mkaa au mshumaa. Piga msasa ukiwa umelowa, ili vumbi liishie kwenye maji badala ya kifua chako. Kisu kielekee mbali na vidole, na wembe uliopinda uufunge kwa tepu kabla ya kuutupa, maana anayezoa taka hajui kilichomo.

Mtoto anaweza kushiriki, hasa kupanga vipande, kupaka rangi za maji na kubandika stika. Kisu, supagluu na rangi ya kupuliza vibaki kwa mtu mzima.

Siku ya kwanza: usibandike kitu

Soma maelekezo yote, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakikisha kila fremu ipo na weka alama kwenye vipande usivyovihitaji. Seti nyingi zina pangaboi au magurudumu ya aina mbili. Kisha osha fremu kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, ziache zikauke zenyewe. Kiwandani plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta mepesi, na mafuta hayo ndiyo hufanya rangi ichubuke wiki mbili baadaye.

Kata kipande kwa hatua mbili. Kwanza mbali kidogo na kipande, ukiacha kijiti kifupi, kisha karibu zaidi, na kinachobaki kiondoe kwa msasa. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki hukatika kwa msongo na kuacha alama nyeupe au shimo.

Baada ya hapo jaribu vipande bila gundi. Funga nusu mbili za kiwiliwili cha ndege kwa tepu, pachika mabawa, weka mkia, na uangalie kwa mbele kama mabawa yamelingana. Kipande kinachosumbua kikiwa kikavu kitasumbua maradufu kikiwa na gundi.

Chumba cha rubani na tumbo la ndege

Ndege nyingi huanzia chumba cha rubani, kwa sababu kikishafungwa hakifikiki tena. Paka ndani rangi ya msingi, kisha tia rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ikatulie kwenye pembe. Ikikauka, chukua brashi yenye rangi nyepesi, ifute kwenye karatasi hadi ikaribie kuisha, na upitishe juu juu. Kingo za vitufe na fremu zitajitokeza. Mikanda ya kiti ndiyo inayoonekana zaidi kwa nje. Kama seti haina, ikate kwenye tepu ya karatasi na uipake rangi ya kitambaa.

Martlet ina jambo lake la pekee: madirisha madogo tumboni, chini ya mabawa, ya kumsaidia rubani kuona chini. Kwenye seti nyingi vioo hivyo huwekwa kabla ya kufunga kiwiliwili. Vibandike kwa gundi nyeupe na uvifunike kwa tepu wakati wa rangi.

Ufa wa mgongoni

Mahali nusu mbili za kiwiliwili zinapokutana, juu na chini, hubaki mstari. Ndege halisi haina mstari huo, na hakuna kinachofichua modeli ya haraka kama ufa wa mgongoni. Bana nusu hizo kwa raba, tia gundi kidogo zaidi ya kawaida, kisha bonyeza hadi utomvu mwembamba wa plastiki utoke kwenye maungio. Usiufute. Subiri siku mbili ukauke, kisha uondoe kwa msasa wa 400, halafu 800, halafu 1200. Palipobaki shimo, ziba kwa puti ya modeli na urudie.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwenye modeli ukuta wenyewe ni kubandua rangi yote na kuanza upya. Kwa hiyo jaribu kabla: puliza au paka rangi ya kijivu kwenye maungio peke yake. Rangi moja hufichua kila mkwaruzo ambao plastiki tupu ilikuwa imeuficha. Mistari ya mabati iliyofutika kwa msasa ichore upya kwa ncha ya sindano, ukiongozwa na kipande cha tepu nene.

Mabawa: kufunguliwa au kukunjwa

Hapa ndipo ndege ya baharini inapoachana na ndege ya nchi kavu. Lifti za Illustrious, zilizoteremsha ndege kutoka kwenye sitaha hadi ghalani, zilikuwa na upana wa futi 22, yaani meta 6.7. Martlet yenye mabawa yasiyokunjika, ya meta 11.58, isingepita. Ikikunja, upana ulishuka hadi meta 4.4 hivi.

Leroy Grumman, mwenye kampuni, alilitafutia ufumbuzi tatizo hilo kwa kifutio cha penseli na vibanio vya karatasi vilivyonyooshwa. Kifutio kilikuwa kiwiliwili, vibanio vikawa mabawa, naye akavichoma kwa pembe mbalimbali hadi akapata pembe ambayo bawa linajipindua na kulala ubavuni kwa mwendo mmoja. Fanya jaribio hilohilo kabla ya kukata bawa la seti yako. Utaona kwamba ukingo wa mbele wa bawa huelekea chini, na uso wa juu, wenye alama ya duara, hutazama nje. Wengi huyabandika mabawa kinyume.

Kama modeli ni yako ya kwanza, acha mabawa yakiwa wazi. Bawa lililokunjwa hushikwa na eneo dogo sana la gundi, na huhitaji kuonyesha bawaba, nyaya na mbavu za ndani. Ukiamua kukunja, chagua seti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, toboa tundu dogo kila upande na upitishe waya wa shaba kuwa mfupa wa ndani. Lakini usikunje mabawa kisha ukamweka rubani ndani huku pangaboi likizunguka: ndege iliyokunjwa iko ghalani, au inasukumwa na mabaharia.

Miguu inayosumbua

Magurudumu ya Martlet hukunjwa ndani ya kiwiliwili, si ndani ya mabawa, ndiyo maana ndege inasimama kwa miguu iliyobanana. Rubani aliyainua kwa mkono, akizungusha mpini takriban mara 30 mara baada ya kuruka, na ndege ikayumba kwa kila mzunguko. Kwenye modeli, miguu hiyo ni vijiti vingi vinavyokutana ndani ya shimo moja la duara, na ndiyo hatua inayowafanya watu waiache kazi sandukuni.

Fanya hivi. Paka shimo na vijiti rangi vikiwa bado kwenye fremu. Bandika vijiti viwili vikuu kwanza, kisha kabla gundi haijakaza simamisha ndege juu ya karatasi yenye mistari ya mraba. Itazame kwa mbele: ncha zote mbili za mabawa ziwe umbali sawa kutoka mezani, pima kwa rula. Itazame kwa juu: magurudumu yote yatazame mbele. Ikikaa sawa, iache usiku kucha ikiwa imeegemezwa kwa vitabu, na vijiti vidogo vibandike kesho yake. Mwisho, piga msasa kidogo chini ya kila gurudumu, kwa sababu matairi yaliyobeba ndege ya zaidi ya tani tatu hayakai duara kamili.

Kulabu ya mkiani, inayonasa kamba za chuma kwenye sitaha wakati wa kutua, huvunjika kirahisi. Iweke mwisho wa yote.

Rangi: tabaka nyembamba, subira ndefu

Ndege za jeshi la majini la Uingereza kipindi hicho zilipakwa juu vipande vya rangi mbili: kijivu kizito cha bahari, na kijivu chenye ukijani. Chini zilikuwa na kijani hafifu kilichofifia. Kwenye chupa za rangi utakuta majina Extra Dark Sea Grey, Dark Slate Grey na Sky. Anza na rangi nyepesi, yaani Sky ya chini, funika, kisha upake kijivu cha ukijani, funika tena vipande vyake, umalize na kijivu kizito.

Si lazima uwe na kompresa. Brashi bapa na rangi za maji za akriliki hutoa kazi safi ukizingatia mambo matatu: zimua rangi hadi iwe kama maziwa, paka upande mmoja bila kurudia palipoanza kukauka, na acha kila tabaka likauke kabisa. Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka na litakutia shaka. La tatu ndilo hufunika. Mwenye bomba dogo la kupulizia rangi ajaribu kwanza kwenye chupa ya maji ya plastiki.

Pwani na wakati wa masika kuna adui mwingine, unyevu. Vanishi au rangi ya kupuliza ikipigwa hewa ikiwa nzito inaweza kubaki na ukungu mweupe. Pulizia asubuhi ya jua kavu, na usianze mvua ikiwa imetanda.

Stika za maji na kalenda ya alama

Kabla ya stika, paka vanishi ya kung'aa. Kwenye uso mkavu usio laini, hewa hunaswa chini ya stika na kuifanya ing'ae kama ganda la samaki. Kata alama moja, itumbukize kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde kumi, iweke kando juu ya kitambaa, na subiri ianze kuteleza. Lowesha mahali pake, itelezeshe kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kwenye bawa, isawazishe kwa brashi, kisha kausha kwa kubonyeza kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje. Dawa ya kulainishia stika huifanya izame kwenye mistari ya mabati; ikikunjamana dakika chache za kwanza usiiguse, itajinyoosha.

Alama zenyewe ni kalenda. Waingereza walibadilisha alama zao za duara katikati ya 1942, wakapunguza upana wa mduara mweupe na wa manjano. Martlet ya Ironclad, mwanzoni mwa Mei, ibebe zile za zamani. Baadaye katika Bahari ya Hindi doa jekundu la katikati likaondolewa, lisifananishwe na jua jekundu la Japani. Kwa sababu hiyohiyo Wamarekani walifuta doa jekundu katikati ya nyota yao Mei 1942. Mwaka 1943 wakaongeza mistari miwili nyeupe pembeni, mwanzo kwa ukingo mwekundu, kisha wa buluu. Wildcat ya vita vya Midway, Juni 1942, yenye mistari hiyo ni kosa ambalo mjuzi ataliona akiwa mlangoni.

Uchakavu wa kiasi

Ndege ya manowari huishi kwenye chumvi, jua na moshi. Weka masizi mepesi kuanzia kwenye bomba za moshi kwenda nyuma, ukikwangua unga wa chaki nyeusi na kuupaka kwa brashi kavu. Rangi iliyochubuka iwe pale tu mtu anapokanyaga au kushika: shina la bawa, kingo za milango ya injini, ncha za pangaboi. Weka kidogo, nenda ukalale, uamue asubuhi kama panahitaji zaidi. Funga kazi kwa vanishi isiyong'aa, kisha uondoe tepu kwenye vioo.

Kuitunza

Modeli iliyokamilika isikae dirishani, maana jua hugeuza vanishi na stika kuwa za manjano. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la dashibodi hupinda mabawa membamba. Kasha la kioo au plastiki ngumu huzuia vumbi na chumvi ya pwani. Ukilazimika kuondoa vumbi, tumia brashi laini ya vipodozi, ukishika ndege tumboni na kamwe si kwa miguu.

Kisha andika kadi ndogo na uibandike chini ya kasha: aina ya ndege, kikosi, meli, mwezi na mwaka. Kwa mfano wetu itasomeka "Martlet II, kikosi cha 881, HMS Illustrious, Mei 1942". Iandike siku unayofungua sanduku, usisubiri siku unayomaliza. Mstari usioweza kuujaza ndio unaokuonyesha picha ya kutafuta kabla hujachukua kisu.